Kinamasi Kinapokosa Pa Kurudi Nyuma

Kusini mwa mji wa Cambridge, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, kuna barabara nyembamba ambayo maji ya chumvi huipanda siku za bamvua, na watu waishio huko huangalia ratiba ya maji kujaa na kupwa kabla ya kutoka na gari, kama wavuvi wa kwetu Tanga wanavyohesabu siku za mwezi kabla ya kushua ngalawa. Barabara hiyo hupita katika hifadhi ya Blackwater, iliyoanzishwa mwaka 1933 kwa ajili ya ndege wanaohama na majira. Mara ya kwanza nilipopelekwa huko na mfanyakazi mwenzangu, miaka saba iliyopita, nilidhani tumefika ziwani. Maji yalienea mpaka upeo wa macho, na juu yake vishungi vya nyasi vilikuwa vimetapakaa kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa na ukingo uliomeguka kama mkate. Mwenzangu, ambaye babu yake aliwinda bata mahali hapo, alinieleza kwamba eneo lile lote lilikuwa nyasi tupu, na kwamba mzee wake alikuwa akipita kwa miguu pale ambapo sasa tuliona maji. Baadaye nilisoma kwamba tangu mwaka 1938 hifadhi hiyo imepoteza zaidi ya ekari 5,000 za nyasi zake, yaani takriban hekta 2,000.

Nilirudi nyumbani Baltimore nikiwa na picha moja kichwani: bahari inapanda, nyasi zinazama, basi. Tangu siku ile nimekuwa nikienda Blackwater karibu kila msimu, nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya jambo hili, na leo naiona picha ile kuwa na kosa lenye madhara kwa watu wa pwani popote walipo, kwa kuwa hutufanya tuamini kwamba hatima ya ardhi hizi imekwisha kuamuliwa na bahari peke yake. Kinamasi cha chumvi kina njia zake za kupanda pamoja na bahari, na kinapozidiwa kina njia yake ya kuhama. Mara nyingi kinachokiua ni kukosa udongo wa kujijengea na ardhi ya kuhamia, na yote mawili yamo mikononi mwa wanadamu kuliko tunavyopenda kukiri.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, njia nyepesi ya kukielewa kinamasi cha chumvi ni kufikiria msitu wa mikoko ambao mahali pa miti pana nyasi. Ni ardhi ya tope iliyo baina ya maji kupwa na maji kujaa, ambayo bahari huifunika na kuifunua mara mbili kwa siku au, katika sehemu zilizoinuka zaidi, siku za bamvua tu. Mikoko haistahimili jalidi, na kwa hiyo katika nchi zenye baridi kali kazi zile zile za kuvunja nguvu za mawimbi, kulea kaa na samaki wachanga, na kufukia hewa ukaa ndani ya tope hufanywa na nyasi ziitwazo spartina pamoja na mimea ya jamii ya mafunjo. Harufu ni ile ile. Siku ya kwanza niliposhuka garini wakati maji yamekupwa, harufu ya tope la Blackwater ilinirudisha moja kwa moja kwenye hori la nyuma ya nyumba ya bibi yangu, umbali wa bahari mbili.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba ardhi hii huongezeka kimo. Maji yanapojaa huja yamebeba udongo laini. Yakifika kwenye nyasi, mashina huyapunguza kasi, na ule udongo uliokuwa ukielea kwa sababu tu maji yalikuwa yakikimbia hutuama. Maji yanapokupwa huondoka yakiwa maangavu kuliko yalivyokuja. Njia ya pili haionekani kwa macho, kwa kuwa iko chini ya ardhi: mizizi hukua na kufa, na kwa vile tope lile limeshiba maji na halina oksijeni, mizizi iliyokufa haiozi upesi, bali hurundikana mwaka baada ya mwaka na kuwa mboji. Katika Blackwater, ambako udongo uletwao na maji ni haba, sehemu kubwa ya ardhi unayoikanyaga ni mizizi ya nyasi zilizokufa zamani, na ukiruka juu yake unaihisi ikitikisika hatua kadhaa mbele yako.

Njia hizi mbili hujirekebisha zenyewe. Bahari ikipanda kidogo, kinamasi hukaa chini ya maji kwa muda mrefu zaidi kila siku, kwa hiyo hupokea udongo mwingi zaidi, na aina kadhaa za nyasi hustawi zaidi pia, kwa hiyo kinamasi huongeza mwendo wa kupanda. Kikipanda kupita kiasi, maji hukifikia mara chache, udongo hupungua, na mwendo wake hupoa mpaka bahari ikifikie tena. Kwa namna hiyo vinamasi vingi vimefuatana na bahari kwa maelfu ya miaka bila msaada wa mtu yeyote, katika kipindi ambacho bahari ilipanda kwa mwendo wa pole.

Je, kuna mwisho wa uwezo huo? Profesa James Morris wa Chuo Kikuu cha South Carolina alitafuta jibu kwa kifaa ambacho naona ni cha busara sana kwa wepesi wake. Alipanga mabomba ya urefu mbalimbali kando ya hori, yakapandana kama mabomba ya kinanda cha kanisani, akayajaza tope na kuyapanda nyasi, ili nyasi za bomba fupi zizamishwe kwa muda mrefu na za bomba refu kwa muda mfupi, zote zikiwa katika maji yale yale na jua lile lile. Ilionekana kwamba nyasi za spartina hunufaika na kuzamishwa, hukua kwa wingi zaidi kadiri zinavyowekwa chini, mpaka hufikia kimo kimoja ambacho ndicho bora kuliko vyote. Ukizishusha chini ya hapo, hudhoofika na hatimaye kufa. Maana yake ni nzito. Kinamasi kinaweza kuwa kijani kuliko miaka yote, mpita njia akakisifu, na kumbe kimebakiza sentimita chache tu kabla ya kuanza kuporomoka. Na kikianza kuporomoka, mizizi hupungua, ardhi hushuka, maji huongezeka, na mzunguko ule ule uliokuwa ukikiokoa hugeuka kuwa wa kukiangamiza.

Kwa muda fulani palikuwa na tumaini kwamba hewa ukaa yenyewe ingesaidia kusawazisha mambo. Huko Edgewater, upande wa pili wa Ghuba ya Chesapeake, taasisi ya Smithsonian ina kinamasi ambamo tangu mwaka 1987 watafiti wameweka vyumba vya plastiki vilivyo wazi juu na kuvipulizia hewa ukaa, ili mimea iliyo ndani iishi katika hewa ya miaka ijayo. Mimea ya jamii ya mafunjo iliipenda hewa hiyo, ikaongeza mizizi, na mizizi ikainua ardhi. Niliposoma jambo hilo mara ya kwanza nilifurahi mno, nikamweleza kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Lakini matokeo ya miaka 33, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba faida ile ilififia kadiri bahari ilivyozidisha kasi, mpaka ikakaribia kutoweka. Mmea uliozamishwa muda mrefu hauwezi kuitumia karamu uliyoandaliwa. Nawaheshimu sana watafiti wale kwa uvumilivu wao, maana lau wangefunga vyumba vyao baada ya miaka kumi, tungebaki na habari njema isiyo ya kweli.

Kasi inayozungumzwa hapa ni ya kiasi gani? Kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20, na kati ya mwaka 2006 na 2018 wastani wa kupanda ulikuwa milimita 3.7 kwa mwaka, karibu unene wa sarafu mbili zilizopandana. Lakini kinamasi hakiishi katika wastani wa dunia. Katika Ghuba ya Chesapeake ardhi yenyewe inashuka, kwa sababu iliyoanza zamani sana: barafu kubwa iliyofunika Kanada na sehemu za kaskazini za Marekani iliibonyeza ardhi iliyokuwa chini yake na kuiinua ile iliyokuwa pembeni, kama godoro linavyoinuka kando ya mtu aliyeketi. Barafu iliyeyuka maelfu ya miaka iliyopita, na pembeni mwa godoro bado panashuka hadi leo. Ongeza hapo maji yanayovutwa kutoka visima virefu. Ndiyo sababu kipimo cha bandari ya Baltimore, ambacho kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1902, kinaonyesha kupanda kwa zaidi ya milimita 3 kwa mwaka kwa muda wote huo, karibu maradufu ya wastani wa dunia kwa karne ya 20.

Kupima iwapo kinamasi kinafuatana na bahari si kazi rahisi, kwa kuwa unatafuta milimita katika tope ambalo mguu wako wenyewe unaweza kulishusha kwa sentimita kumi. Mtafiti Donald Cahoon na wenzake wameeneza duniani njia ambayo napenda kuieleza, maana inaweza kutumika mahali popote. Fimbo ya chuma huzamishwa ardhini, kipande juu ya kipande, mpaka igome. Kisha juu yake hufungwa mkono wenye sindano tisa zinazoshushwa polepole mpaka ziguse uso wa tope, na urefu wa kila sindano huandikwa. Kando yake hunyunyizwa poda nyeupe ya madini ya feldispa, ambayo baada ya mwaka au miwili huonekana kama mstari mweupe ukikata kipande cha tope, na kilicho juu ya mstari ndicho udongo mpya. Uzuri wa kuvitumia vyote viwili ni kwamba hufichua udanganyifu wa macho: tuseme juu ya mstari mweupe pameongezeka milimita tano, lakini sindano zinasema uso wa ardhi umepanda milimita mbili tu, basi unajua kwamba milimita tatu zimepotea chini, mboji ikishindiliwa au ikioza. Mtu anayetazama udongo mpya peke yake angedhani mambo ni salama.

Blackwater ilikuwa na mikosi zaidi ya hiyo. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapo haifiki nusu mita, ilhali kwetu siku za bamvua huzidi mita tatu; na mahali ambapo maji hupanda na kushuka kidogo, kinamasi hupokea udongo kidogo na nyasi zake zina nafasi finyu sana baina ya kustawi na kuzama. Kisha mwaka 1943 aliletwa nutria, mnyama wa Amerika Kusini aliye mfano wa panya buku mkubwa sana, kwa ajili ya biashara ya manyoya. Nutria hula mizizi, yaani hula ile ardhi yenyewe. Kila alipochimba palibaki kidimbwi, na kidimbwi kikishapanuka vya kutosha upepo huinua mawimbi ndani yake, mawimbi humega kingo, na kidimbwi huwa ziwa bila nutria kuhitajika tena. Kuanzia mwaka 2002 vikosi vya wawindaji na mbwa viliwasaka kote katika rasi ambamo hifadhi hiyo ipo, wakaondolewa takriban 14,000, na mwaka 2022 ilitangazwa kwamba wamekwisha. Ilikuwa kazi kubwa iliyofanywa vizuri. Mwaka 2016 pia zilipuliziwa ekari zipatazo 40 tope jembamba lililochotwa mtoni, ili kuuinua uso wa kinamasi sentimita kadhaa na kuzirudisha nyasi kwenye kimo zinachokipendelea. Nimepaona mahali hapo, na pamestawi. Lakini ekari 40 mbele ya 5,000 ni kama kuziba tundu moja la chekeche.

Kwa hiyo nageukia njia ya kuhama, ambayo naamini ndiyo yenye uzito kuliko zote kwa miaka ijayo. Ukiendesha gari kutoka Blackwater kuelekea ndani utaona misonobari iliyokufa ikiwa imesimama, myeupe, haina gome, na chini yake si vumbi wala magugu ya msituni bali nyasi za chumvi, mbichi kabisa. Chumvi hufika kabla ya maji. Hupenya ardhini, huwaua miche kwanza, kwa hiyo msitu huacha kuzaa watoto huku miti mikubwa ikionekana mizima. Kisha dhoruba moja huleta maji ya bahari na wazee nao hufa. Jua huingia, na kinamasi huchukua mahali pao. Utafiti uliolinganisha ramani za karne ya 19 na picha za sasa ulionyesha kwamba katika Ghuba ya Chesapeake zaidi ya kilomita za mraba 400 za ardhi kavu zimegeuka kuwa kinamasi tangu wakati huo, karibu theluthi moja ya vinamasi vyote vilivyopo hivi leo, na kwamba ongezeko hilo lilifidia kwa kiasi kikubwa kile kilichomegwa na mawimbi upande wa bahari. Nilipoisoma habari hiyo nililazimika kuanza upya kufikiri. Misonobari ile iliyokufa, ambayo kila mgeni huipiga picha kama alama ya maangamizi, ndiyo mlango ambao kinamasi kinapitia kuokoka.

Mlango huo una mwenyewe, na hapa ndipo ugumu ulipo. Nyuma ya msitu kuna mashamba ya mahindi na soya, na katika pembe za mashamba hayo utaona mabaka meupe ya chumvi ambamo hakuna kinachoota isipokuwa matete. Mkulima anayeliona baka hilo likipanuka kila mwaka kwenye ardhi aliyorithi hana sababu ya kufurahia kuwasili kwa kinamasi, na mimi siwezi kumlaumu akijenga tuta. Ninachoona ni haki ni kwamba jamii inayonufaika na kinamasi imlipe mkulima huyo, kwa kuinunua ardhi au kwa mkataba wa kutoijenga, mapema, kabla tuta halijajengwa na kabla nyumba mpya hazijapangwa nyuma yake. Tuta likishakuwapo, kila mtu hulihesabu kuwa la asili.

Mfano mmoja wa ununuzi wa namna hiyo unanigusa sana. Mwaka 2020 serikali ya Marekani iliongeza ekari 2,600 kwenye hifadhi ya Blackwater ili kufidia ardhi iliyopotea kwa kupanda kwa bahari. Mwaka uliofuata wanaakiolojia waliokuwa wakichimba katika ardhi hiyo, wakiongozwa na Julie Schablitsky, walitangaza kwamba wamepata mahali ilipokuwa nyumba ya Ben Ross, baba yake Harriet Tubman, yule mwanamke aliyetoroka utumwa na kisha akarudi mara kwa mara kuwatoa wengine. Dalili mojawapo ilikuwa sarafu ya mwaka 1808. Tubman alizaliwa katika wilaya hiyo, na alipokuwa mtoto alikodishwa kwa bwana mwingine aliyemfanya akague mitego ya wanyama majini, ndani ya vinamasi hivyo hivyo, hata alipokuwa mgonjwa. Kwa hiyo ardhi iliyonunuliwa ili nyasi zipate pa kuhamia ndiyo iliyohifadhi alama za baba yake, na maji yanayozifukuza nyasi yanazikaribia alama hizo pia. Anayedhani kwamba habari za vinamasi ni habari za ndege tu, nampa mfano huu.

Uingereza wana shida iliyo tofauti kidogo, kwa kuwa wao walijenga matuta karne nyingi zilizopita. Katika mkoa wa Essex kinamasi kimebanwa kati ya bahari inayopanda na ukuta usiosogea, na ardhi iliyo nyuma ya ukuta, kwa kukosa maji na udongo wa bahari, imekauka na kushuka mpaka iko chini kuliko kinamasi cha nje. Huko Tollesbury, mwaka 1995, walifanya jambo ambalo mababu zao wangelihesabu kuwa wazimu: walitoboa ukuta kwa makusudi, wakaiachia bahari hekta 21. Katika kisiwa cha Wallasea walifanya kwa ukubwa zaidi, wakaleta zaidi ya tani milioni 3 za udongo uliochimbwa kwenye njia za reli chini ya London ili kuiinua kwanza ardhi iliyodidimia, kisha wakaufungua ukuta mwaka 2015. Ni gharama kubwa kulipia kosa la kuta, na ni wachache watakaoweza kuimudu.

Naandika haya yote kwa Kiswahili kwa sababu moja. Mikoko yetu inaishi kwa kanuni zile zile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliochunguza tope la kale kutoka sehemu 78 za dunia, ulionyesha kwamba zamani bahari ilipopanda kwa zaidi ya milimita 6 hadi 7 kwa mwaka mikoko ilishindwa kujijenga mahali ilipokuwa, nayo ni kasi inayoweza kufikiwa ndani ya karne hii iwapo hewa ukaa haitapunguzwa. Kwa hiyo maswali ya Blackwater ni maswali ya Rufiji na ya Tanga. Udongo utatoka wapi? Delta ya Rufiji, yenye takriban hekta 50,000 za mikoko, imejengwa na tope la mto huo, na tangu Desemba 2022 maji ya mto yanatuama kwanza katika bwawa la Julius Nyerere kabla ya kushuka. Kila bwawa hukamata tope. Silisemi hilo kwa kupinga umeme, ambao nchi inauhitaji. Nasema kwamba fimbo za chuma na sindano tisa zinapaswa kuwapo katika delta ile, nyingi, na vipimo vyake visomwe na kutangazwa kila mwaka.

Na mikoko itahamia wapi? Nyuma ya mkoko na mkandaa huja mchu, na nyuma ya mchu huwa pana uwanda mtupu wenye chumvi ambao maji huufikia siku za bamvua kubwa. Uwanda huo ndio akiba ya mikoko, na ndio huo huo ambao mwanadamu ameuona kuwa bure akauchimba majaruba ya chumvi, kuanzia Bagamoyo na Tanga mpaka Ngomeni na Gongoni huko Kenya. Siwadharau watengeneza chumvi. Ukoo wangu umekula kwa chumvi. Lakini jaruba lina tuta, na tuta la jaruba linafanya kazi ile ile ya ukuta wa Essex. Tunajivunia hesabu za miche iliyopandwa siku za sherehe, mingine ikipandwa chini mno kwenye tope ambako itakufa kabla ya mwaka kwisha, huku tukitoa vibali vya kuujenga uwanda ambao mikoko ingeupanda yenyewe bila kulipwa.

Mjomba wangu ana majaruba matatu aliyorithi, nje kidogo ya mji wa Tanga. Mwaka juzi bamvua ya Machi ililivunja tuta la jaruba la mwisho, na nilipompigia simu kumpa shikamoo nilimkuta akihesabu gharama za vibarua wa kulirudishia. Nilimweleza niliyoyaona huku, nikamwomba asubiri mwaka mmoja, na nikaahidi kumfidia kile ambacho jaruba lile lingemwingizia, ambacho kwa kweli si kikubwa, kwa kuwa bei ya chumvi ya majaruba madogo imekuwa chini. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, tuta hili alilijenga babu yako kwa mikono yake." Nikamwambia najua, mjomba. Tukaagana bila jibu.

Hakulirudishia. Miezi michache baadaye alinitumia picha: miche ya mchu, mamia, imeota ndani ya jaruba bila kupandwa na mtu, ikiwa imesongamana zaidi karibu na pale tuta lilipovunjika. Nilimwomba achome boriti ya mkandaa katikati, aizamishe mpaka igome, na aikate alama kwa kisu usawa wa tope, kisha nyingine kila upana wa kidole kwenda juu. Mwezi uliopita alinipigia yeye mwenyewe. Tope linakaribia alama ya pili, na miche ya upande wa nchi kavu imeanza kuliwa na mbuzi, kwa hiyo ameamua kuusogeza uzio wake nyuma hatua thelathini kabla bamvua ya Machi haijafika.